Yeyu Mbele ya Baraza la Makopo

Mimi ni kinyozi, na wateja wa kinyozi hawana haya ya kuuliza. Niliporudi kutoka Ukamatani walitaka kwanza wajue nilipita njia gani, nilipanda chombo gani, na nilikula nini njiani. Nawajibu ninyi kama nilivyowajibu wao: hayo hayawahusu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kunyolea, duka halina mtu, nacheza ule mchezo wa simu wa kukamata viumbe wa ajabu. Mke wangu huuita ugonjwa, na mimi huuita mapumziko. Nikanyanyua kichwa, nikajikuta nimesimama kwenye lango la nchi ya watu. Anayetaka zaidi ya hapo akanyolewe kwingine.

Langoni palikuwa na askari aliyevaa mkanda uliojaa makopo ya bati, makubwa kwa madogo, yaliyofungwa vifuniko na kubandikwa lebo. Hakuniuliza jina wala nimetoka wapi. Aliniuliza, "Wangapi?"

Nikamwambia niko peke yangu. Akanitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mteja mwenye upara anayeomba mtindo.

"Sikuulizi mmekuja wangapi," alisema. "Nakuuliza unao wangapi. Viumbe."

Hapo ndipo nilipopata somo langu la kwanza. Ukamatani ina viumbe wa kila namna porini: wenye magamba, wenye moshi, wenye pembe mgongoni, wanaoimba na wanaozomea. Kila raia, tangu anapoweza kukimbia, kazi yake ni kuwakamata. Akimkamata mmoja anamtia ndani ya kopo, anagonga kifuniko, anabandika lebo, na kumtundika kiunoni. Kiumbe akishatiwa gizani husinzia tu. Hali, hazeeki, hafi. Mtu anazidi kukamata, na heshima yake yote nchini ni idadi ya makopo yake.

Nikatoa simu yangu nikamwonyesha mkusanyiko wangu wa kwenye mchezo. "Humu wamo mia nne na kitu," nilisema, na nakiri nilisema kwa maringo kidogo. Askari akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama, akairudisha, akakaza miguu. "Shikamoo, Mheshimiwa," alisema. Kabla sijaelewa kinachoendelea nilikuwa nimeshavalishwa utepe mwekundu begani.

Mjini ni kelele tupu. Watu mia wakipita barabarani ni bati juu ya bati, kiasi kwamba wakitaka kuzungumza jambo la maana inabidi wasimame wima kwanza wasitikisike. Nikamwona mzee mwenye mvi, mtu wa kuheshimiwa kabisa, akimwinamia kijana asiyeota hata ndevu na kumwambia shikamoo. Kijana akaitikia marahaba bila kugeuza shingo. Nikauliza kulikoni. Nikaambiwa mzee ana kumi na moja na kijana ana arobaini, sasa wewe ulitaka nani amwamkie nani? Nikashika njia. Ugenini ukibishia kila kitu hutafika hata sokoni.

Sokoni nikakuta pambano. Nilifurahi sana, maana kwenye mchezo wangu mapambano ndiyo utamu wenyewe. Wanaume wawili walikaa kwenye meza wakatazamana kwa hasira, kila mmoja akaweka kopo lake mbele yake. Watu wakajaa. Mwamuzi akavaa miwani, akanyanyua kopo la kwanza, akasoma lebo kwa sauti: "Kimbunga Jike. Ana meno safu tatu. Hupasua mawe." Umati ukaguna. Akanyanyua la pili: "Fahali wa Moshi. Hung'oa minazi. Akikasirika jua hujificha." Umati ukapiga kelele. Mwamuzi akafikiri, akapangusa miwani, akatamka kwamba Fahali ameshinda. Mwenye Kimbunga akaanguka chini, na jamaa zake wakampepea kwa kanga.

Nikamwendea mshindi nikampa hongera. "Bwana wee, hebu na sisi tumwone huyo Fahali," nilisema.

Watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Mshindi akalikumbatia kopo lake.

"Kufungua?" aliuliza. "Kopo lililofunguliwa linashuka daraja. Linakuwa la pili, na la pili halihesabiwi. Hili lilikuwa la babu yangu. Hajalifungua yeye wala baba."

"Sasa mnajuaje kama yumo?"

"Si imeandikwa?" alisema, na alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelewesha mgonjwa.

Nilichoka nikatafuta chakula. Pembeni mwa soko kulikuwa na mkahawa mmoja mdogo usio na kelele, nikaingia hapo kwa sababu ya utulivu tu. Mwenyewe alikuwa Bi Mashavu, mama mnene mwenye uso wa kucheka, umri wa mama yangu mzazi. Kiunoni hakuwa na kopo hata moja. Alipoona utepe wangu akaanza kuinama.

"Mama, usinitie laana," nilisema upesi. "Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Utanifungisha wewe," alijibu akicheka, lakini chinichini akaitikia marahaba.

Nikakaa, na benchi likaachia miguu likanibwaga sakafuni. Bi Mashavu akanyanyua macho juu. "Pole, baba. Ameshakula misumari tena. Kaa lile la kamba." Nikatazama vizuri, nikaona mkahawa mzima haukuwa na chuma. Alipika kwenye vyungu, akachota kwa kata ya kifuu, na mlango aliufunga kwa ugwe. Nikauliza nani anayekula misumari. Aligonga meza kwa vidole viwili, na kutoka nyuma ya mtungi akaja Yeyu.

Niwaambieni nilichokiona bila kuongeza chumvi. Alikuwa ni bati lililoyeyuka, zito, linang'aa, ukubwa wa maandazi mawili, lakini halina moto wala haliachi unyevu. Alitiririka juu ya meza, akapita kati ya sahani, akasimama mbele ya kikombe changu. Katikati yake kulikuwa na doa jeusi, na doa hilo lilinitazama. Kisha akajinyanyua akawa kikombe, na mshikio wake, na hata lile pengo la mdomoni. Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Kufumba na kufumbua akawa amenipandia tumboni na kunila kifungo cha mkanda, na siku zote nilizokaa Ukamatani nilitembea nimeshika suruali.

"Amekupenda," alisema Bi Mashavu. "Asiyempenda hamli kitu."

Yeyu alikuja mwenyewe, mama aliniambia, baada ya mumewe kufariki. Alimkuta jikoni anakula kizibo cha soda. Siku za mwanzo alijaribu kumtia ndani ya kopo kama sheria inavyotaka. Yeyu akalila kopo, kifuniko na lebo vikamfuata, akanenepa. Akamjaribu kwenye kubwa zaidi, naye akafurahi zaidi. Mwisho Bi Mashavu aliacha. Asubuhi akiwasha moto Yeyu yupo, akikosea chumvi Yeyu yupo, na jioni akikaa kupumzisha miguu humlalia juu ya magoti mazito yanayouma, na ubaridi wake unayatuliza. Haya yote aliyasema akikata vitunguu, akafuta macho akavisingizia vitunguu.

Sasa kisa kinaanzia hapa. Yeyu si kiumbe wa kawaida kule Ukamatani. Ni wa kisasili. Mababu walimsimulia, skuli watoto wanaimba nyimbo zake, ana sanamu ya jawe katikati ya mji na sikukuu yake kila mwaka. Sheria imemweka kwenye fungu la viumbe wanaoheshimiwa kwa sharti kwamba wasionekane. Kuonekana kwake mkahawani, tena akikaa na mtu asiye na kopo hata moja, kulikuwa ni utovu wa adabu, na ilikuwa haijulikani kama mkosaji ni yeye au mama.

Sikuwa nimemaliza hata wali wangu walipoingia askari, na nyuma yao Mkuu wa Makopo mwenyewe, Mheshimiwa Mwinyikondo. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye sauti nzuri, na makopo yake yalikuwa mengi mno hata yakavutwa nyuma yake kwa mkokoteni. Simsemi vibaya. Alipiga hodi, akasubiri kukaribishwa, akamwuliza mama hali yake.

"Bi Mashavu," alisema, "tumeletewa malalamiko kwamba unaye kiumbe nje ya kopo."

"Ndani hakai, Mheshimiwa. Nimejaribu."

"Nasikia. Kwa asiyekaa ndani ya kopo, sheria ina kalibu. Kesho asubuhi atafikishwa Barazani. Baraza litaamua ana umbo gani, atamiminwa kwenye kalibu ya umbo hilo, na kalibu itatiwa kwenye maji ya Chemchemi ya Ubaridi. Akishaganda hatayeyuka tena. Tutambandika lebo."

Bi Mashavu alikaa. "Akishagandishwa, atakuwa hai?"

Mwinyikondo alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. "Atakuwa rasmi," alisema.

Wakamchukua Yeyu ndani ya chungu, na wakakataza asilishwe chochote mpaka kesho. Bi Mashavu akanigeukia. Asiye na kopo haruhusiwi kusema Barazani, hata kukohoa anaombewa ruhusa. Mimi mgeni nilikuwa na mia nne na kitu. "Baba, nisemee," alisema. "Sina mwingine, na sina wa kumfidia yule." Nikamwambia nitasema. Kinyozi asiyeweza kusema ni nani?

Asubuhi Baraza lilijaa. Ni ukumbi mkubwa, na desturi yake ni kwamba kila anayeingia anaweka makopo yake yote kwenye rafu ukutani, ili muda wake wa kusema upimwe kwa wingi wa makopo. Karibu mji mzima ulikuwamo, na ukuta wote ulikuwa makopo mpaka darini. Simu yangu niliwekewa kwenye rafu ya juu, juu ya kitambaa. Katibu wa Baraza, Bwana Jecha, mtu mwembamba aliyekuwa akipenda utaratibu kuliko kitu kingine chochote, aligonga meza tukaanza.

Kamati ya Maumbo ilikuja kumkagua Yeyu ndani ya chungu. Wakachungulia, wakanong'ona, wakaripoti kwamba kiumbe ni wa duara, ana tumbo pana na shingo fupi. Kamati ndogo ikasema haikuridhika, ikaomba amiminwe kwenye hori la mbao, nayo ikaripoti kwamba ni mrefu, mwembamba, na ana pembe nne. Kamati mbili zikaitana waongo. Mjumbe mmoja akapendekeza amiminwe kwenye kitu cha tatu ili kupata suluhu, akatoa kofia yake. Ikaamuliwa kwamba ana umbo la kofia, lakini wa chungu na wa hori wakaandika kwamba hawakubali.

Ndipo akasimama Profesa Siwatu, bibi mwenye miwani mikubwa, mjuzi wa mambo ya kisasili. Alinyoosha kidole kwenye kofia.

"Nimefundisha maisha yangu yote kwamba Yeyu hayupo," alisema. "Uzuri wake wote ni kutokuwapo. Huyu mnayemwona yupo, kwa hiyo si yeye."

"Basi ni nani?" aliuliza Katibu Jecha.

"Hilo si fani yangu," alisema Profesa, akakaa. Watu wakampigia makofi, na nakubali hata mimi nilipiga, maana alisema vizuri.

Ikafika zamu yangu. Nilisimama nimeshika suruali mkono mmoja. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno, nikayaanza kwa kishindo. Nikasema kwamba nywele ukizikosea zinaota, lakini huyu mkimkosea haoti. Nikasema mama wa watu ameketi pale, hana mume, hana kopo, ana huyu tu. Nikasema kumpenda kiumbe ni kukaa naye, si kumfungia. Niliona naendelea vizuri. Watu wa nyuma walikuwa wameacha kunong'ona.

Mwinyikondo akaomba kuniuliza jambo moja. "Mheshimiwa Mgeni ana viumbe mia nne na zaidi, hongera sana. Katika hao, yupi umewahi kumgusa?"

Nikaangalia ile simu yangu kule juu kwenye kitambaa. Miaka mizima ya kukamata, wateja wanasubiri kichwa kimenyolewa nusu, chakula kinapoa mezani, na kwa wote mia nne kidole changu kiligusa kioo tu. Niliona aibu, jamani, aibu ya kweli, nikakaa chini. Sikuthubutu kumtazama Bi Mashavu.

Wakapiga kura, kila mmoja kwa uzito wa makopo yake. Kalibu ikapita bila upinzani. Umbo likabaki la kofia, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa inakaribia.

Sasa nisikilizeni. Watu hawa walikuwa na makamati, maprofesa, na sheria zilizotungwa na kurekebishwa na kurekebishwa tena. Ile kalibu ilifunikwa shuka jeupe, ikaletwa na watu wanne, ikawekwa katikati ya ukumbi, ikafunuliwa. Ilikuwa ya chuma. Nilimtazama Bi Mashavu, naye akanitazama. Hata tungetaka kusema kitu, yeye hakuwa na ruhusa na mimi nilikuwa nimemaliza muda wangu.

Wakammimina. Yeyu hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. Mara kalibu ikaanza kupungua. Ilipungua juu, ikapungua pembeni, ikabaki utepe mwembamba sakafuni, na utepe nao ukaisha. Palibaki Yeyu peke yake, mkubwa kama beberu, akilitazama Baraza kwa lile doa lake jeusi. Kisha akageuka akaona ukuta.

Alijipasua akawa matone. Mia, mia tatu, sijui, nani angehesabu. Matone yakapanda rafu pande zote, na tukasikia sauti kama ya kuku wakidonoa mtama. Watu walikimbilia makopo yao, lakini kila kopo walilolishika likawaishia mikononi, na lebo zikapeperuka chini. Simu yangu nayo ilikwenda, na kitambaa chake kikabaki. Nilitaka kuikimbilia, halafu, nashangaa kusema, nikahisi nimepungukiwa mzigo.

Na kutoka ndani ya makopo wakatoka viumbe.

Walitoka wakipiga chafya, wakijikuna macho, wengine wamekaa gizani tangu enzi za mababu. Rundo zima la lebo lilikuwa chini na hakuna aliyejua nani ni nani. Mshindi wa jana alikuwa akiita, "Fahali! Fahali wa Moshi!" huku akitafuta kitu chenye pembe, na miguuni pake palikuwa na kijitu cha ukubwa wa kuku, cha kijivu, kinachokohoa vimoshi viwili viwili na kumvuta suruali. Aliinama. Akakitazama. "Ni wewe?" aliuliza. Kikakohoa. Akakichukua akakipakata, na mtu yule mzima, mshindi wa soko zima, akaanza kulia kwa furaha.

Ndivyo ilivyokuwa ukumbi mzima. Kwa kuwa watu hawakuwajua viumbe wao, viumbe ndio waliochagua. Wengine walikwenda kwa wenyewe, wengine kwa jirani, na yule mzee mwenye kumi na moja walimpanda kumi na wanane. Profesa Siwatu alikuwa amefungwa mikono yote miwili na kitu kirefu, chororo, chenye masikio, na alikuwa akikieleza kwa sauti ya chini kwamba nacho pia hakipo. Mwinyikondo alisimama katikati bila kusogea. Sijui kati ya wale yupi alikuwa wake. Nilichokiona ni mdudu mmoja wa manyoya, mnono, mwenye usingizi, aliyempanda mguuni, akapita kiunoni, akafika kwenye mkono wake wa kulia, akajikunja hapo kwenye kiwiko akalala.

Matone yakarudi chini yakaungana. Yeyu alipokamilika kichwa chake kilifika darini. Bi Mashavu alimsogelea polepole, na nikaona wazi kwamba anaogopa. Si kuumizwa, bali kusahauliwa. Akagonga sakafu kwa vidole viwili. Lile jitu likainama, likashuka, likashuka tena, mpaka doa jeusi likawa mbele ya uso wake. Mama akaweka viganja vyote viwili juu yake. Asingeweza kumpakata tena maisha yake yote, lakini walikuwa wanajuana.

Nilidhani tumemaliza. Sikuwajua watu wa mabaraza.

Mwinyikondo alikohoa, akaomba utaratibu. "Waheshimiwa," alisema, akijitahidi asitikise mkono wa kulia, "bati lote la nchi hii limo ndani ya huyu. Bila bati hakuna makopo. Bila makopo hatutajua nani ni nani, nani amwamkie nani, nani aseme kwanza. Natoa hoja. Apelekwe Chemchemi ya Ubaridi hivi hivi alivyo, bila kalibu. Akishaganda akatwe vipande, tufue makopo mapya, na kila mtu arudishiwe lake."

Mtajua ni watu gani nikiwaambia kwamba waliitikia kwa kichwa. Walikuwa wamewapakata, wanawabembeleza, wanawafuta makamasi, na bado waliitikia kwa kichwa. Nami nilijua safari hii wataweza, kwa sababu Yeyu alikuwa ameshiba na ametulia, na angemfuata Bi Mashavu popote, hata Chemchemini. Mama alimkumbatia sehemu ile aliyoweza kuifikia. Alikuwa ananitazama mimi, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa.

Katibu Jecha akasema kuna tatizo la utaratibu. Kura hupigwa kwa makopo, na sasa kila mtu ana sifuri. Mwenye sifuri hapigi kura. Kwa hiyo hakuna anayeweza kupiga kura, na Baraza lenye hoja mezani haliruhusiwi kwenda kula. Walilijadili jambo hilo kwa uchungu, maana harufu ya pilau ilikuwa inaingia dirishani. Mwisho Jecha akaamua: kwa leo tu, kila aliyemo ukumbini awe na kura moja, anyanyue mkono wake wa kulia juu ya kichwa, wake mwenyewe, asimnyanyulie mtu mwingine.

"Wanaoafiki hoja wanyanyue mikono," alisema.

Nisiwadanganye, walitaka. Niliwaona nyuso. Mshindi wa soko alianza kunyanyua mkono, na kijitu kikakosa pa kuegemea kikalia, akaushusha haraka. Mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa na watatu mapajani na wa nne kaudandia mkono. Aliutazama mkono, akamtazama aliyeudandia, akatikisa kichwa. Profesa Siwatu alisema angependa lakini amefungwa. Mzee wa kumi na wanane hata hakuonekana, alikuwa ndani ya manyoya. Safu kwa safu watu walikaa wakitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aliye na nafasi.

Jecha alimgeukia Mwinyikondo. "Mheshimiwa mtoa hoja?"

Mwinyikondo aliutazama mkono wake wa kulia. Angeweza kumhamisha yule mnono kwenda kushoto. Alianza kuuleta mkono wa pili, ukafika karibu na manyoya, ukasimama hapo, ukabaki ukiyalainisha.

"Amelala," alisema.

"Wanaoafiki, hakuna," Jecha aliandika. "Wasioafiki?"

Hapo pia hakuna mkono ulionyanyuka, kwa sababu ile ile. Mimi nilikuwa na wangu, lakini nusu yangu ya juu ilikuwa imeshashikwa na kitu chenye mikia miwili, na nusu ya chini inategemea suruali. Katika ukumbi mzima, ukimtoa Katibu na kalamu yake, mtu mwenye mikono mitupu alikuwa mmoja tu, yule ambaye kiumbe wake habebeki. Bi Mashavu alitazama huku na huku. Hajawahi kuulizwa jambo ndani ya ukumbi ule, na alikuwa hana hakika kama swali ni lake.

"Wa kulia, mama," nilimnong'oneza.

Akaunyanyua. Ulikuwa na unga bado kwenye vidole. Jecha alivua miwani, akaihesabu kura ile, akavaa miwani, akaihesabu tena.

"Hoja imeanguka kwa kura moja," alisema.

Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyekuwa na mikono ya kupigia, isipokuwa Bi Mashavu. Naye alikuwa bado ameunyanyua wake.